Kwa Gari la Umeme Hadi Matsangoni



Wasomaji wetu wapenzi, tangu familia yetu ipate gari la umeme tumeulizwa maswali mengi barazani, arusini na hata nje ya msikiti. Maswali hayo hukusanyika katika mawili: Je, linafika Malindi? Na likiishiwa njiani mtafanyaje? Ni maswali ya haki. Gari la umeme mjini si jambo la ajabu tena, kwani mtu huenda kazini, hurudi, huchomeka waya ukutani akalala. Safari ya mbali ni mtihani mwingine. Basi wakati wa likizo ya Agosti tulipopata sababu njema ya kwenda Matsangoni na kuendelea hadi Malindi, tuliona ni vyema tuwaandikie tuliyoyaona, ili anayekusudia safari kama hiyo aende akijua.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Bibi yetu ana ndugu yake wa tumbo moja aishiye Matsangoni, nasi twamwita Bibi Mdogo. Bibi Mdogo ana maradhi ya macho, na alikuwa na miadi ya kliniki katika hospitali moja ya Malindi siku ya Jumatatu asubuhi. Miadi miwili ya nyuma ilikuwa imempita, kwa kuwa kusimama kando ya barabara kuu alfajiri, akisubiri matatu yenye nafasi, ni jambo asiloliweza tena. Bibi naye alikuwa hajamwona nduguye kwa muda mrefu, maana mgongo wake haustahimili viti vya matatu. Tukaazimia kuondoka Jumapili, tulale Matsangoni, Jumatatu tumpeleke Malindi, na jioni turejee Mombasa. Tulikuwa watano: Bibi, mama, kaka, dada na mtoto wa miaka 8.

Kwanza hesabu, kwa kuwa gari la umeme ni gari la hesabu. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Matsangoni iko baada ya Kilifi, kabla ya kufika Mida na Gede, na kutoka Mombasa ni chini kidogo ya kilomita 90. Gari letu ni dogo, la mtumba kutoka Japani. Betri yake ilikuwa ya uniti 40 lilipotoka kiwandani, lakini betri huchakaa kama achakaavyo mwanadamu, na sasa uniti tunazoweza kuzitumia ni kama 32. Kwa mwendo wa utulivu gari hula uniti 15 kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo likijaa hutupeleka kilomita 200 na kitu. Safari yetu ya kwenda na kurudi ilikuwa 240. Umeme wa kutoka nyumbani peke yake haukutosha, na ilibidi tuchaji mahali njiani. Vituo vya kuchajia magari kwa haraka vimeanza kuonekana nchini, lakini vingi viko Nairobi, na huku kwetu bado ni haba. Kituo chetu kingekuwa ukuta wa nyumba ya Bibi Mdogo.

Tuliondoka baada ya sala ya Adhuhuri, betri ikiwa imejaa. Bibi alisoma dua ya safari kwa sauti, nasi tukaitikia. Kitu cha kwanza alichokishangaa ni ukimya. Gari la umeme halina mngurumo wala mtetemeko, na mgongo wake ulikuwa wa kwanza kulishukuru. Hadi Mtwapa msongamano ulikuwa ule ule tunaoujua, lakini hapo ndipo gari hili lina hekima yake. Gari la petroli likisimama katika foleni huendelea kunywa mafuta, na hili likisimama halitumii ila kidogo cha kiyoyozi na taa. Na kila dereva anapoondoa mguu kwenye kikanyagio, mota ile ile inayosukuma magurudumu hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme betrini. Matuta ya barabarani, ambayo kwa kawaida huwatia madereva hasira, kwetu yalikuwa na faida ndogo.

Kinachokula betri ni kasi. Upepo unaolizuia gari huongezeka kwa kiasi kikubwa kila unapoongeza mwendo, hata tofauti ya 80 na 100 kwa saa huonekana wazi kwenye kioo cha kipimo. Tukashikamana na 80. Matatu zilitupita, mabasi ya Lamu yalitupita, na mtoto akawa anauliza mbona kila mtu anatupita. Bibi akamjibu kwamba kutangulia si kufika.

Mwendo huo wa taratibu una malipo yake, kwani mtu huiona njia. Karibu na Mtwapa lipo gofu la Jumba la Mtwana, mji wa kale ulio ufuoni, na misikiti yake bado ina mihirabu. Vipingo tulipita kati ya mashamba ya katani yaliyopangwa mistari hadi macho yanapokoma, na mibuyu mikubwa ikisimama katikati kama walinzi. Kisha ni njia panda ya Takaungu, mji ambao baadhi ya Wamazrui walihamia baada ya Seyyid Said kuwaondoa katika utawala wa Mombasa mwaka 1837. Mama aliyasimulia hayo yote kwa mtoto. Ikawa darsa ya historia bila ubao wala chaki.

Kilifi tulivuka daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Bibi bado anaikumbuka feri iliyokuwa hapo kabla yake, na jinsi msafiri alivyoweza kukaa nusu ya siku akingoja zamu, wauzaji wa korosho na samaki wakizunguka baina ya magari. Alisema enzi hizo hakuna aliyemuuliza mwenziwe atafika saa ngapi. Tulilikumbuka neno lake baadaye, tulipokuwa tunangoja betri ijae, kwamba kungoja njiani ni ada ya zamani katika barabara hii.

Baada ya Kilifi nchi hubadilika. Tezo, Ngerenya na Roka hufuatana, na kila upande ni minazi, miembe na mikorosho, mbuzi kando ya lami, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti zikikaa jirani na nyumba za matofali. Tuliingia Matsangoni kabla ya saa kumi za jioni. Betri ilikuwa imebaki asilimia 55. Tulisali Alasiri rakaa mbili, kwa kuwa tulikuwa wasafiri wenye nia ya kufika Malindi, na umbali wa kupunguza sala katika madhehebu ya Imamu Shafi hukadiriwa na wanazuoni wa siku hizi kuwa kilomita 80 na kitu. Hata hivyo ni vyema kila familia imuulize mwalimu wake kabla ya kuondoka, kwa kuwa hukumu hutegemea mtu ametoka wapi na amenuia nini.

Hatutajaribu kueleza namna ndugu wawili wale walivyokutana. Inatosha kusema kwamba Bibi Mdogo, ambaye haoni vizuri, alimtambua nduguye kwa kuushika mkono wake tu, kabla hajasema neno.

Jioni ile, Bibi wawili wakiwa ukumbini, sisi wengine tulipelekwa na wenyeji Uyombo, kijiji cha wavuvi kilicho upande wa bahari katika wadi hiyo hiyo ya Matsangoni. Pale kuna mikoko, kuna ngalawa zilizopandishwa mchangani, na mbele kuna bahari inayoungana na Mida na hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotengwa tangu mwaka 1968. Jina la Uyombo limesikika sana katika miaka ya karibuni kwa sababu ya umeme. Serikali, kupitia shirika lake la nishati ya nyuklia, ilipataja mahali hapo kuwa panafaa kujengwa mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini, wa megawati 1,000. Mitambo ya aina hiyo huhitaji maji mengi ya kujipoza, na ndiyo maana hutafuta ufuo. Wenyeji wengi walikataa. Mwaka 2024 waliandamana, wakihofia samaki, mikoko, kasa na ardhi ya wazee wao. Walikuwapo pia waliotaja ajira na maendeleo ambayo mradi kama huo ungeweza kuleta. Mwaka 2025 serikali ilianza kuzungumzia kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Lakini Uyombo bado watu huzungumza kwa tahadhari, kama mtu aliyeambiwa kwamba wingu limepita naye hajaacha kutazama juu.

Mzee mmoja wa pale alilitazama gari letu, akauliza linakula nini. Tukamwambia linakula stima. Akauliza, "Na stima hiyo yatoka wapi, wanangu?" Ni swali ambalo kila mwenye gari la umeme anapaswa kuweza kulijibu. Tulimweleza tujuavyo. Kati ya kila uniti kumi za umeme unaozalishwa Kenya, kama tisa hazitokani na mafuta. Nyingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini huko Olkaria karibu na Naivasha, nyingine kwenye mabwawa ya Mto Tana, nyingine kwenye upepo wa Turkana ambako kuna mitambo 365 ya kuzunguka, na nyingine kwenye jua. Na jua hilo haliko mbali, kwani Langobaya, nyuma ya Malindi katika kaunti hii hii ya Kilifi, kuna shamba la vioo vya sola linalotoa umeme tangu mwishoni mwa mwaka 2021. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuwa hayo ni mazuri, ila yeye angependa umeme huo ukae usiku kucha kijijini mwao.

Hatukujua wakati huo kwamba neno lake litatugusa upesi namna ile.

Hapa tuseme jambo ambalo katika safari hii tuliliona kubwa kuliko betri, nalo ni adabu ya mgeni. Kuomba maji ya kunywa kwa mwenyeji hakuna uzito. Kuomba umeme wa gari kuna uzito, kwa sababu katika nyumba nyingi umeme hununuliwa kwa tokeni, uniti kwa uniti, na uniti zinazoingia katika gari letu usiku mmoja huenda ndizo matumizi ya nyumba ile kwa wiki nzima. Kwa hiyo tuliomba kabla hatujaondoka Mombasa, kwa simu, tukataja ni uniti ngapi. Bibi Mdogo alicheka, akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini haki ni haki hata mwenye nayo akicheka.

Saa tatu za usiku tulichomeka waya. Soketi ya kawaida ya nyumbani huingiza kama uniti mbili kwa saa. Kaka aliigusa plagi kila baada ya muda kuona kama inapata moto. Saa tano umeme ukapotea kijiji kizima. Tulikuwa tumepata asilimia 12 tu.

Giza lile lilituonyesha kuwa wenye hasara kubwa hatukuwa sisi. Binti ya Bibi Mdogo ana friza, na ndani yake kulikuwa na samaki aliowanunua kwa wavuvi wa Uyombo ili awauze wiki ile. Hiyo ndiyo rizki ya watoto wake, na karo yao ya shule pia. Friza ikifungwa na isifunguliwe hustahimili saa kadhaa, basi akaifunika kwa mablanketi akakataza mtu asiiguse. Majirani walikuja kuchaji simu zao kwenye gari letu, na kwa muda baraza la Bibi Mdogo likawa na mwanga, mazungumzo na kahawa. Mtoto wetu alifurahi kuwa gari sasa linawapa watu umeme badala ya kuwaomba.

Umeme ulirudi baada ya sala ya Alfajiri. Waya za nyumba ile si nene, na kuliweka gari na friza pamoja kulikuwa hatari. Ilibidi kimoja kingoje. Mwenyeji wetu alisema tuchaji gari kwanza, kwani miadi ya mama yake ni muhimu. Tulipiga hesabu upya. Baada ya kwenda Uyombo na usiku wa giza, betri ilikuwa na asilimia 64. Malindi na kurudi Matsangoni ni kilomita 60, ambazo hula asilimia 30. Tungefika kliniki na kurudi bila wasiwasi. Ambalo lisingewezekana ni kurudi Mombasa bila kuchaji mchana, na hilo lilikuwa shauri letu sisi, si la samaki wake. Friza ikawashwa. Samaki walisalimika, Alhamdulillahi.

Saa moja asubuhi tulimchukua Bibi Mdogo, mtoto akabaki na watoto wenzake. Barabara inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ukubwa wa kilomita za mraba 420 na ndio mkubwa kupita misitu yote ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Kisha ni Gede, mji wa kale wa Waislamu wenye msikiti mkuu, nyumba za mawe na visima virefu, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa Bibi wawili waliokaa kiti cha nyuma wakishikana mikono, vyote hivyo vilikuwa ni alama za njia ya utotoni tu. Mmoja haoni vizuri, mwingine akawa anamtajia: hapa ni pale penye mwembe, hapa ni pale tuliponyeshewa.

Kliniki ilikwenda salama. Bibi Mdogo alipimwa, akapewa dawa na tarehe ya kurudi, na daktari alisema jicho moja lina matumaini mema. Tulipita kwa ufupi kwenye makaburi ya mnara yaliyo kando ya Msikiti wa Ijumaa wa Malindi tukawaombea waliotangulia, tukanunua halua, tukageuka. Saa sita unusu mchana tulikuwa Matsangoni tena, betri ikiwa na asilimia 34. Kufika Mombasa kulihitaji 44.

Tulichomeka waya, friza ikiwa imekwisha kuganda na kuzimwa kwa muda kwa ridhaa ya mwenyewe, ikawashwa na kuzimwa kwa zamu hadi jioni. Hakuna aliyelalamika kwa kungoja. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bibi wawili walilala kitanda kimoja, wakaamka wakaendelea na mazungumzo pale pale walipoyaachia. Kama tungekuwa na gari la petroli tungeondoka saa saba. Saa nne zile walipewa na betri, na huenda ndizo walizozihitaji kuliko zote.

Saa kumi na moja jioni kipimo kilisoma asilimia 62. Kabla ya kuondoka tulitaka kulipa, na Bibi Mdogo akakataa pesa mkononi kwa ukali wa mapenzi. Basi kaka aliandika namba ya mita iliyo ukutani akanunua kwa simu tokeni za shilingi 500. Umeme tuliotumia kwake ulikuwa kama uniti 13, ambazo kwa bei ya kama shilingi 30 kwa uniti hazikufika 400. Tokeni ikishaingia katika mita hairudishwi, na kwa hilo tunaishukuru sana teknolojia.

Tulirudi kwa kasi ile ile ya 80, Magharibi ikitukuta njiani, tukaichelewesha na kuisali pamoja na Isha nyumbani tulipowasili. Betri ilikuwa na asilimia 18. Safari nzima ilikula umeme wa kama shilingi 1,200. Kwa gari la petroli la ukubwa huo, lendalo kilomita 12 kwa lita, tungehitaji lita 20, na kwa bei ya zaidi ya shilingi 170 kwa lita, ni zaidi ya 3,400.

Kwa familia zinazofikiria safari kama hii, tunausia machache. Pigeni hesabu kwa kilomita zenu na si kwa zile za muuzaji, kisha bakisheni sehemu moja kati ya tano kwa yasiyotarajiwa. Ombeni ruhusa ya umeme mapema na mlipe kwa tokeni. Msichaji kwenye waya mwembamba au soketi iliyolegea, na msiunganishe nyaya za kuongezea zilizoviringwa, kwani hupata moto. Mkiwa na dharura ya mgonjwa, msiitegemee betri isiyojaa. Nanyi mnaofikiria kufungua biashara, tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na usiku ni nusu ya ile ya mchana. Kituo kimoja baina ya Kilifi na Gede, penye mahali pa kusalia, pa wanawake kutawadhia, na chai na mahamri, kingekuwa msaada mkubwa kwa wasafiri na rizki ya halali kwa wenyeji.

Miadi ya pili ya Bibi Mdogo ni baada ya miezi mitatu. Tumekwisha kumwambia asisimame barabarani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe shifaa, awape watu wa Matsangoni na Uyombo lenye kheri katika ardhi na bahari yao, na awasalimishe wasafiri wote. Wabillahi tawfiq.